Albamu ya Kumuenzi Bibi Sauti

Kwa niaba ya Kamati Kuu ya Kuenzi Sauti za Asili, ninayo heshima ya kutangaza kukamilika kwa albamu ya kumuenzi Bibi Sauti, mwimbaji aliyewafunda waimbaji wote wa asili mnaowajua. Mimi ndiye Katibu. Yanayosemwa mitaani kuhusu siku ya uzinduzi ni maneno ya watu wasiosoma miongozo.

Kazi ilianza vizuri. Tuliuchukua ukumbi ambamo Bibi na kikundi chake walifanyia mazoezi miaka thelathini, tukaufanya ofisi ya Kamati, kwani huwezi kumuenzi mtu bila ofisi. Kikundi kikahamia nyuma ya gereji, mahali penye hewa safi na mafundi wanaogonga mabodi kutwa nzima.

Bibi alikuja mara tatu.

"Wanangu, nirudishieni ukumbi. Wanafunzi wananikimbia kwa zile kelele. Nikifa, nyimbo hizi nazikwa nazo."

"Bibi, ndiyo maana tunakuenzi," nikamwambia. "Vuta subira."

"Subira nimeivuta, mwanangu. Ninyi mmevuta mpaka viti vyetu."

Wazee wana utani.

Mwenyekiti akaelekeza kwamba nyimbo za heshima ziimbwe na watu wa heshima, yaani sisi wajumbe. Sasa, nyimbo za Bibi zina utaratibu wake: kiongozi hutupa swali analolitunga papo hapo, na kundi huitikia jibu lile lile mwanzo hadi mwisho. Mjumbe wa kutunga hakupatikana, hivyo kazi hiyo ndogo tukamwachia Bibi. Sisi tukafanya mazoezi ya jibu kwa wiki sita, tumejipanga kwa vyeo: "Ni sisi, ni sisi hao!" Atakayenyamaza atajieleza kwa maandishi.

Tukapitisha pia Kifungu cha Tisa cha miongozo ya Kamati, Waziri wa Utamaduni akakisaini: kila neno litakaloimbwa na wajumbe ni kauli rasmi ya Wizara. Tuliogopa watu wasije wakasema tunatania.

Fundi wa kurekodi akauliza, "Wakubwa, maswali mmeyaona?"

"Maswali ni ya Bibi," Mwenyekiti akamjibu. "Sisi ni watu wa majibu."

Siku ya uzinduzi, na ya kurekodi, ikafika. Uwanja ulifurika, Waziri yuko mbele, redio inarusha moja kwa moja. Bibi akapiga makofi mawili, akaanza.

"Ni nani wanaonipenda?"

"Ni sisi, ni sisi hao!" Waziri akatikisa kichwa kwa raha.

"Ni nani waliochukua ukumbi wetu?"

"Ni sisi, ni sisi hao!"

Mwenyekiti alitoa macho, lakini mdomo wa wiki sita haushikiki. Hata mimi, nakiri, niliitikia vizuri sana.

"Ni nani wasiojua hata wimbo wangu mmoja?"

"Ni sisi, ni sisi hao!"

Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Bibi peke yake hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, sauti ikamtetemeka.

"Ni nani watakaourudisha ukumbi leo, kabla jua halijazama?"

Tukaitikia. Waziri naye, aliyekuwa ameshanogewa, akaitikia kutushinda sote.

Kifungu cha Tisa hakina mlango wa nyuma. Saa kumi na moja funguo zilikuwa mkononi mwa Bibi.

Kamati sasa inafanyia vikao nyuma ya gereji. Kumbukumbu za vikao zina mapengo, kwa sababu ya nyundo. Jana Mwenyekiti alinituma nikamwombe Bibi kona moja tu ya ukumbi, tuweke meza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Vuta subira, mwanangu," akasema. "Tunaandaa albamu ya kuwaenzi."