Nukta Tatu za Saa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikiamka nashangaa kumkuta mke wangu yupo kweli. Ijumaa kipindi changu cha majaribio kazini kinaisha. Nikithibitishwa kuwa mhandisi wa usalama wa mtandao, tutahama chumba hiki kimoja, twende kwenye nyumba yenye jiko lake. Shida ni moja: chumba cha ulinzi simu haziingii. Masaa manane bila sauti yake! Nimepata dawa. Anayekosea nywila kwenye tovuti ya kampuni huwasha nukta nyekundu kwenye skrini yangu. Nimemwambia akosee mara tatu kila saa saba mchana. Tatu maana yake nakupenda. Amecheka mpaka chai ikamwagika, akasema kumbe nimemuoa awe mwizi.

Jumanne, 4 Machi
Saa saba kamili, nukta tatu. Moyo paa. Miwani, jirani yangu wa meza mwenye kiherehere, akauliza nachekea nini. Nikamjibu naipenda kazi. Akasema hata yeye anaipenda, ila skrini haibusu.

Jumatano, 5 Machi
Saa saba na dakika tano, nukta mia nne na ushee kwa dakika moja. Mia nne! Nani amewahi kupendwa hivi? King'ora kilitaka kulia, nikakizima, Miwani asije akatuharibia. Nikarudi nyumbani na maua. Mke wangu akauliza ya nini. Kumbe umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, simu yake ikazimika. Hakutuma hata nukta moja.
Maua tumeyatia kwenye jagi. Basi zile mia nne zilikuwa za nani?

Alhamisi, 6 Machi
Kuna mtu alikuwa akibahatisha nywila ya mhasibu. Miwani alimfungia njia ikiwa imebaki kidogo tu aingie. Bosi akauliza nani alizima king'ora. Nikasema yote, mpaka maua. Akaniuliza, bwana harusi, umeajiriwa kulinda mlango au kusubiri hodi ya mkeo?

Ijumaa, 7 Machi
Sikuthibitishwa. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, nami nimehamishiwa kwenye kadi za getini. Jiko litasubiri. Mke wangu kanikumbatia, akasema chumba kimoja kinawatosha wasiotaka kuachana. Nimeapa: tovuti ya kampuni hatuigusi tena.
Kwenye meza yangu mpya kuna taa moja tu. Huwaka nyekundu mtu akipitisha getini kadi isiyotambulika.
Mke wangu ana kadi ya maktaba. Jumatatu, saa saba, mara tatu.