Kuhusu Binti Yangu Sabiha na Mkoko Wake

Abdulrazaki Makame,
Fundi Nguo,
Dodoma.

14 Septemba 1996

Mkuu wa Chuo,
Chuo Kikuu cha Masomo ya Pwani,
Pwani ya Kaskazini.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUNG'ANG'ANIA MTOTO WA WATU BAHARINI

Sisi huku tu wazima, vumbi tu ndilo linalotusumbua, na nina imani nanyi huko mu wazima na chumvi yenu.

Mimi ni baba wa Sabiha, mhitimu wako wa mwaka huu, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Nashona nguo hapa mjini tangu enzi za suruali za bugaluu. Siku hizi, biashara zilivyofunguliwa, nageuza makoti ya mitumba ya Wazungu wanene kuwa suti za waheshimiwa wembamba. Elimu yangu ni darasa la sita, lakini la enzi zile, ambalo kwa hesabu za leo ni digrii na chenji inabaki. Bahari naijua. Nimefika Mombasa mara mbili, ya pili kwa kupitiwa na usingizi ndani ya basi.

Juma lililopita tumepata barua yako kwamba mnampa Sabiha kazi ya usaidizi wa maabara, akae hukohuko kwenye nyumba za chuo, na kwa kuwa hajaolewa, mimi mzazi nitie saini fomu ya ridhaa. Kabla sijaigusa kalamu, nina malalamiko yafuatayo:

1. Ratiba. Mnawafundisha watoto kwa kufuata maji. Bahari ikipwa, darasa, ikijaa, mapumziko. Sawa, huko ni kwenu. Lakini Sabiha amerudi nyumbani na jedwali la maji kupwa na kujaa, akalibandika mlango wa jikoni, na mwili wake hautaki kusikia la mtu. Jumatatu alikula mchana saa saba. Jumanne saa nane kasoro dakika kumi. Kufikia Ijumaa chakula cha mchana kilikuwa kinagombania sufuria na cha jioni. Mama yake, Mwanne, akamwambia, "Mwanangu, hapa bahari iliyopo ni ndoo mbili za bomba. Kula."

2. Majina. Nilichinja mbuzi wawili ili mtoto aitwe Sabiha. Ninyi mna desturi ya wanafunzi wakubwa kumpa kila mgeni jina la mnyama wa baharini. Juzi niko naye sokoni, mtu mzima mwenye kazi yake katika ofisi ya maji, anaitwa Gideoni, naye alisoma kwenu, akapaza sauti katikati ya nyanya, "Chaza!" Binti yangu akaitika, "Abee, Pono!" Wakakumbatiana wakicheka. Wauza nyanya wakanitazama mimi.

3. Wahitimu. Gideoni huyo amenieleza kwamba wahitimu wenu wa mkoa huu wako watano, na kila mwaka siku ya kufunguliwa chuo huenda bwawa la Hombolo, wakakunja suruali, wakasimama ukingoni kusubiri maji yapwe. Hayapwi. Wanasubiri hadi jua linazama, wanaimba wimbo wa chuo, wanarudi mjini wakiwa wamefurahi sana. Nauliza kwa heshima: mnawalisha nini?

4. Mkoko, na hili ndilo kubwa. Kila mhitimu hupanda mkoko wake kwenye tope lenu akaufunga kibao cha jina, na katiba ya Umoja wa Wahitimu, ibara ya tatu, inamtaka arudi kila mwaka kuupima. Maana yake hata likizo yake mmeshaichukua. Sabiha alimletea mama yake leso, mimi akaniletea mche wa mkoko ndani ya kopo la maziwa. Nimeupanda katika nusu pipa nyuma ya duka, naumwagilia maji niliyotia chumvi ya Bahi asubuhi na jioni. Una majani manne. Watu wanatoka Msalato kuja kuutazama. Mwanne analalamika kwamba mboga zake hazina chumvi na mti wangu unayo.

Sasa nifuate vizuri. Ibara ya tatu inasema mhitimu arudi penye mkoko wake. Haisemi mkoko uwe baharini. Gideoni amenisomea mara mbili. Mkoko wa Sabiha uko Dodoma. Kwa hiyo ni Dodoma anapotakiwa kurudi, kikatiba. Ule wa huko mpeni mwanafunzi asiye na wa kwake.

Na kama kazi ya maabara lazima ifanyike, leteni maabara. Serikali nzima inahamia kwetu tangu mwaka sabini na tatu, wala hatujailaumu kwamba imechelewa. Ninyi walimu tisa na boti moja mnashindwaje? Kwenye kinamasi cha Bahi, mvua zikiwa nzuri, kuna samaki, na tope la kutosha digrii zote. Bahari ndiyo mtaiacha, lakini hiyo haihitaji mlinzi.

Mimi sina ugomvi na elimu, Ndugu Mkuu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na mtoto mmoja. Akicheka huko mbele, cherehani yangu huku nyuma inakwenda yenyewe.

Nangoja majibu yako kwa heshima zote na hasira kiasi. Nisalimie walimu wote tisa, mpishi anayemwekea Sabiha ukoko wa wali, nahodha wa boti, na bahari yenyewe kama mnaonana.

Mimi mzazi mwenye malalamiko,
Abdulrazaki Makame

Tanbihi: Nilipokwenda kutafuta bahasha, mbuzi wa jirani yangu Matonya aliingia uani akala mkoko wote, majani na shina, nadhani kwa utamu wa chumvi. Matonya amekuja kuniomba radhi huku anacheka: "Shehe, mbuzi wangu naye sasa ni mhitimu." Sabiha hakucheka. Alilitazama lile pipa, akaniuliza, "Baba, chumvi yote hiyo ya nini?" Nikamwambia niliogopa mti usije ukajiona uko ugenini.

Basi nimetafuta kalamu. Fomu imo humu ndani. Nimetia saini kila penye mstari, hata palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi". Sabiha ataileta mwenyewe, anaondoka Jumatatu. Barua sikuichana kwa sababu mwandiko umetoka vizuri.

Mwakani siku ya kupima mikoko nitakuja niupime wake pamoja naye. Kipimo msinitafutie. Futi kamba ninayo, ile niliyompimia sare tangu darasa la kwanza.