Mwanya wa Mama Leonia

Jumatano, 1 Julai

Kifaa kimefika. Gemu ya mkononi, mpya kabisa, ina akili mnemba ndani. Mchezo unaingia na picha hafifu, kifaa kinakisia kilichokosekana, kinajaza chenyewe, picha inatoka safi. Vijana wa Gongoni wamejaa kibandani kwangu. Bernardo, mwenye kibanda kingine cha gemu ng'ambo ya barabara, kachungulia na kusema vitu vya kukisiwa havimpendezi. Wivu tu.

Linaloninyima raha ni jingine. Mzee Kashindye, baba yake Leonia, hajajibu posa yangu. Anasema anatafakari. Anatafakari tangu msimu wa asali uliopita.

Ijumaa, 3 Julai

Nimepata njia! Jumapili ni misa ya kumkumbuka marehemu mama yake Leonia, kule Ipole. Picha yake iko moja tu, ndogo, imefifia. Leonia alinitumia zamani kwenye simu. Kifaa kinachosafisha uso wa mchezaji wa mpira kitashindwaje na mama mkwe? Nimeihamishia kwenye kifaa, nikaipitisha. Nywele zinaonekana mojamoja. Nimetaka kulia.

Leonia kaomba aione kwanza. Nimekataa, ni zawadi. Nimechapisha kubwa, nimetia fremu. Haibebeki kwa pikipiki. Nimemwangukia Bernardo, ana kirikuu, kigari cha mizigo. Kakubali, ila lazima aje kushuhudia.

Jumapili, 5 Julai

Baada ya misa nikafunua fremu mbele ya ukoo wote. Mzee akavaa miwani. Akauliza huyu mama ni wa wapi.

Nikasema ni mkewe. Akasema mkewe alikuwa na mwanya, na kwa ajili ya mwanya ule yeye mzee, enzi za ujana, alikuwa akitembea mpaka Sikonge kila Jumapili, amwone akicheka tu. Huyu hana. Kifaa kiliona nafasi katikati ya meno, kikadhani ni upungufu, kikaziba. Leonia akafunika mdomo. Anao uleule, nami ndio ulionimaliza, na bado sikugundua. Nilitamani ardhi inimeze. Hata Bernardo aliangalia viatu vyake.

Kisha mzee akacheka mpaka akatoa miwani kufuta macho. Akasema marehemu alizoea kumtania kwamba akitangulia atauziba, ili mzee akifika huko ahangaike kumtafuta. Akaitundika picha sebuleni. Nampenda sana mzee huyu.

Jumatatu, 6 Julai

Mzee kakubali, ila neno la mwisho analo dada yake, shangazi Demetria wa Ziba, ambaye hajawahi kuniona. Kaagiza nimtumie picha yangu, nilivyo. Leonia kapiga simu kukazia: nilivyo.

Nimejipiga picha. Masikio hayajakaa vizuri. Nimeipitisha kidogo tu kwenye kifaa, yametulia. Halafu nikawaza, ukoo ule unapenda mwanya. Nikachora kistari cheusi, kinene kisizibwe, katikati ya meno, kifaa kikakisia kilichobaki. Nimependeza mno.

Nimetuma. Shangazi kajibu kwamba kafurahi, anakuja Alhamisi kuniona nikicheka.