Vichwa Viwili vya Mama Tumpe

Leo nimeaibika mbele ya watu kumi na saba, na wote walikuwa na njaa.

Nieleze kwa mpangilio, maana mimi ni mtu wa mpangilio. (Someni tu. Mtaona mpangilio ulivyonisaidia.)

Mnajua mimi ni fundi bomba hapa Kyela mjini. Mnajua pia kwamba nimekuwa nikijisomea namna ya kukinga moto kwenye majengo ya biashara. Sikuingia darasani. Nina simu, kamusi na daftari gumu ambalo kurasa zake nimezipiga namba kwa mkono. Kila neno la kigeni nalitafutia Kiswahili chake. Kile kidude cha shaba kinachochungulia kwenye dari na kumwaga maji moto ukiwaka, wengine wanakiita springla. Mimi nilikiandika "kichwa cha kunyunyizia maji". Baadaye, kwa kuwa mkono unachoka, nikafupisha: "kichwa".

Kumbukeni hilo.

Mama Tumpe, mteja wangu, anajenga mtaa wa Mbugani. Mbele ni maduka, nyuma ghala la mchele na kakao, juu vyumba vya wageni. Jumatatu mafundi wanafunga dari. Dari ikishafungwa, mabomba ya maji ya kuzimia moto hayapiti tena mpaka ubomoe. Kwa hiyo leo ilikuwa siku yake ya mwisho ya kuchagua: aweke mfumo kamili unaojinyunyizia wenyewe, au aishie kwenye mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga. Mchoro atauchora mhandisi mwenye leseni kutoka Mbeya. Kazi yangu ni kumsaidia mama kuchagua tu. Ila nisiwadanganye, nilikuwa nautaka ule mfumo kamili kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mgeni akiwa amelala juu na moto ukaanzia ghalani, mtungi hauwezi kujibeba ukaenda kuuzima.

Kikwazo kilikuwa Mzee Ambakisye, shemeji yake, mnunuzi wa kakao kutoka Katumba Songwe, ambaye kakao yake ndiyo itakayojaa lile ghala. Huyu anaamini kwamba mtu akiwasha sigara tu, vidude vyote vinafunguka kwa pamoja na kakao yote inaloa.

"Moto utaniunguzia gunia kumi," huwa anasema. "Wewe na maji yako mtaniozeshea mia."

Nikaona dawa yake ni kumwonyesha kwa macho. Nyuma ya jengo nilikuwa nimeshafunga bomba la chuma la majaribio chini ya kibanda cha bati, limeunganishwa na tangi la mnarani. Lilikuwa limekaa na maji wiki tatu. Jana mchana nikampigia Mama Tumpe.

"Mama, kesho saa nne naleta vichwa viwili."

"Vichwa viwili!" Sauti yake ilichangamka. "Ndaga fijo, Baba Neema. Asante kweli."

"Andaa moto mkubwa, chini ya lile bomba. Waite na majirani."

"Nitawaita. Ila vimesafishwa?"

"Mama, ni vipya kabisa. Vimefika kwa basi kutoka Mbeya juzi."

"Juzi? Havijaharibika?"

"Vile vinakaa miaka, mama."

Akacheka sana. Nikacheka na mimi. Nilikata simu nikiwa na furaha isiyo kifani. Mteja anayeuliza maswali ya ubora!

Leo asubuhi nikavaa shati jeupe. (Hakuna aliyenilazimisha.) Nilipoingia uani nusura nidondoshe begi. Watu kumi na saba! Nimewahi kuwaita watu kwenye semina ya moto nikapata wawili, mmoja akiwa amepotea njia. Leo akina mama wa kwaya wapo, muuza vipuri yupo, Mzee Ambakisye mwenyewe yupo, amekaa mbele kabisa. Moto ulikuwa umekokwa kwenye mafiga, pale pale nilipoelekeza. Juu yake sufuria kubwa lenye mfuniko.

Nikajisemea, tazama watu walivyo na tahadhari, wameweka na maji ya akiba.

Niliona pia kwamba wengi wana mabakuli. Mama mmoja wa kwaya alikuwa na ndimu zimefungwa kwenye kona ya kitenge. Nikadhani wametoka sokoni.

"Mugonile," nikawasalimu.

Wakaitikia kwa uchangamfu ambao fundi bomba hapewi. Nikapanda juu ya tofali, nikafungua daftari.

"Leo nimewaletea vichwa viwili," nikaanza. Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, sijawahi kupigiwa makofi kabla ya kueleza jambo.

"Kimoja ni chekundu, kimoja cha kijani."

Yule mama wa ndimu akainua mkono. "Fundi, cha kijani si kitakuwa kimeshaoza?"

"Hapana, mama. Cha kijani ndicho kinachovumilia joto zaidi. Hapa kwetu chini ya bati saa nane mchana nimepima nyuzi hamsini na sita, kwa hiyo ghalani tunaweka cha kijani. Kinavumilia mpaka nyuzi tisini na tatu. Chekundu ni cha maduka na vyumba, chini ya dari. Kikifika nyuzi sitini na nane, kinapasuka."

"Sisi huwa tunachemsha mpaka mia," akasema Mzee Ambakisye. "Na kikipasuka kinatoka nini?"

"Mzee wangu, subiri uone kitakachomwagika."

"Ubongo," akawaambia wenzake, na wote wakakubali kwa vichwa.

Nikadhani ni mzaha wa wazee. Nikaendelea. Nikaeleza kwamba kila kichwa kinajitegemea, kwamba kichwa hakishtuliwi na moshi bali na joto, kwamba kichwa hakipakwi rangi wala hakining'inizwi nguo. Dakika arobaini. Walisikiliza kwa utulivu mkubwa, macho yao yote kwenye begi langu.

Hatimaye Mama Tumpe akasema kwa upole, "Baba Neema, tumekuelewa. Vitoe basi, ndizi zimeshaiva."

"Ndizi gani, mama?"

Nilikuwa nimeshaingiza mkono. Nikautoa. Kwenye kiganja changu kulikuwa na vidude viwili vya shaba, kila kimoja kama kidole gumba, na kichupa cha kioo katikati, kimoja chenye maji mekundu, kingine ya kijani.

Akina mama wa kwaya wakashusha mabakuli.

"Hivi ni nini?" akauliza Mama Tumpe.

"Vichwa," nikasema.

Mzee Ambakisye akasogea, akakichukua chekundu, akakigeuza huku na huku. "Shemeji, hiki tutagawana vipi watu kumi na saba? Mimi niwekeeni shavu."

Uani hapakukalika. Muuza vipuri alijishika kwenye nguzo. Mama wa ndimu alizitoa ndimu zake, akazihesabu, akazifunga tena. Mama Tumpe peke yake hakucheka.

"Gwe Baba Neema," akasema taratibu. "Nimewaambia watu leo kuna supu ya vichwa vya mbuzi. Mzee huyu hakunywa hata chai. Ametoka Katumba Songwe na tumbo tupu."

Hapo nikaelewa kila kitu, kuanzia makofi mpaka ubongo.

Mtu mwenye busara angeomba radhi akaondoka. Lakini Jumatatu dari inafungwa. Nikasema, "Mama, nipe dakika tano. Uone, halafu unifukuze." Nikafunga koki, nikakaza kichwa chekundu juu ya moto, cha kijani hatua nne pembeni, nikafungua koki tena. Halikudondoka hata tone moja. Niliwaomba waondoe sufuria.

"Sufuria halitoki," akasema Mama Tumpe. "Watu watakula hata ndizi tupu."

Nikakubali. Lina mfuniko, nikawaza.

Tukangoja. Dakika moja. Mbili. Nne. Sufuria lilikuwa linazuia miali isipande. Mzee Ambakisye akaenda kuegemea nguzo upande wa pili, kwenye kivuli.

"Fundi, hicho kichwa chako ni kigumu. Hakielewi."

Nikafikiri kitaalamu. Joto linahitaji njia ya kupanda. Mvuke ni nyuzi mia. Nikifunua sufuria, mvuke utapiga kichupa moja kwa moja. Nikainama, nikafunua mfuniko, nikaushika mkononi nikiwa nimejawa na matumaini.

Tak.

Sasa, kuna jambo ambalo nililisoma, nikaliandika, nikalipigia mstari, ukurasa wa arobaini na moja: maji yaliyolala ndani ya bomba la chuma huwa meusi, yana mafuta ya kukatia bomba na harufu ya yai viza, kwa hiyo yamwagwe kwanza kabla ya maonyesho.

Sikuyamwaga.

Yalishuka kama wino. Yalianza na kichwa changu (hiki chenye nywele chache), yakapita kwenye shati, yakamalizia ndani ya sufuria. Moto ulizimika kabla sijahesabu kumi. Na mimi, Mungu anisamehe, niliruka juu nikiwa nimeshika mfuniko, nanuka mayai, nikapaza sauti, "Mmeona! Mmeona umezimika!"

Watu walikuwa wanaziangalia ndizi.

Nikakimbilia koki, nikaifunga. Niliporudi, Mzee Ambakisye alikuwa hajasogea pale kwenye nguzo. Anaangalia juu. Juu yake kulikuwa na kichwa cha kijani, kichupa kizima. Akajipapasa begani, akajipapasa koti. Alikuwa mkavu kama karanga.

"Hiki mbona hakijafunguka?" akauliza.

"Mzee, hakuna moto hapo uliposimama. Kila kimoja kinajitegemea. Ungekuwa gunia la kakao, usingejua hata kama kuna jambo limetokea."

Akakiangalia kile kichwa. Akaniangalia mimi, ninavyotiririka. Akamgeukia Mama Tumpe.

"Shemeji, huyu ametulaza njaa. Lakini kakao yangu ingepona."

Mama Tumpe akachungulia ndani ya sufuria kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Waambie Jumatatu wasifunge dari mpaka mabomba yapite. Yote. Ghalani weka cha kijani."

Nilitaka kumshukuru, akaninyooshea mwiko.

"Sijamaliza. Jumapili baada ya ibada, hawa watu kumi na saba wanarudi hapa. Utaleta vichwa viwili. Vyenye masikio."

Ndiyo kwanza nimefika nyumbani. Mke wangu ameniambia nibaki uani kwanza. Nimekaa kwenye tofali na daftari, nimefungua ukurasa mpya na kuandika: "Mfumo umekubaliwa. Tangu leo, kichwa cha kunyunyizia maji kisifupishwe tena."

Kama kuna mtu huko Ndandalo anauza vichwa vya mbuzi, aniandikie leo. Aandike bei tu. Vicheko nimeshapokea vya kutosha.