Ndege ya Kufukuza Ndege

Jumamosi, 3 Mei 1997
Ndege imekamilika! Mabawa mita tatu kutoka ncha hadi ncha. Mbavu za mianzi, ngozi ya mashuka, injini ya chenso, msumeno wa kukatia miti, iliyokufa nikaifufua. Rimoti niliuziwa na mhandisi Mdenishi wa mradi wa maji alipokuwa akifungasha kurudi kwao. Hapa Dodoma, mtaa wetu wa Nkuhungu mzima, hakuna kama hii. Ubavuni nimeandika HILDA, kumpoza mke wangu, maana mashuka ni yake. Hilda alisema angetaka mashuka yenyewe.

Yotham, jirani yangu, karani wa ofisi za Bunge, alichungulia juu ya ua. Yeye ndege yake kaletewa kutoka Dubai, imeshaundwa, ndani ya boksi! Akauliza kitanda changu kinasafiri lini. Husuda tupu.

Jumapili, 4 Mei
Baada ya misa, kijijini Ihumwa kwa Mzee Sila, mkulima. Uwele wake umeiva na kweleakwelea, vile vindege vya makundi, wanaumaliza. Familia nzima inashinda juu ya vichuguu ikipiga madebe. Nikampa shikamoo, nikamwambia ninayo ndege ya kufukuza ndege.

"Ndege afukuze ndege?" akauliza.

Nikaeleza: ya injini. Akasema uwele huo ndio chakula chao hadi mvua nyingine, kama nataka mchezo nikachezee mjini. Nikaapa si mchezo. Jumamosi asubuhi, madebe yapumzike.

Jumatano, 7 Mei
Balaa. Yotham kasikia, naye anakuja Jumamosi! Mzee Sila kamkaribisha. Eti mbili ni bora kuliko moja.

Alhamisi, 8 Mei
Nilikwenda kwa Yotham kuazima chumvi. (Kupeleleza.) Rimoti yake ina namba ileile ya masafa kama yangu! Mdenishi alinionya: rimoti mbili za namba moja zikiwashwa pamoja, ndege humtii aliye karibu nayo zaidi. Yotham hajui. Sikumwambia.

Mpango: nitajificha ndani ya uwele, karibu na ndege yake kuliko yeye. Akirusha, nawasha yangu, naishusha ndege yake pembeni, kistaarabu, mbele za watu. Kisha HILDA inapaa peke yake.

Jumamosi, 10 Mei
Kijiji kizima kilikuja. HILDA niliiegesha kwenye uwanda, kila mtu aione. Yotham akaomba kutangulia. Nikamruhusu kwa heshima, nikasema tumbo linanisumbua, nikaingia kwenye uwele.

Akarusha. Nikawasha. Ikanitii palepale!

Tatizo: sijawahi kurusha ndege. Ikienda mbali, kulia ni kulia. Ikirudi kwangu, kulia ni kushoto. Nani angejua? Ikapita juu ya watu, watu wakalala kifudifudi. Yotham alikuwa akipiga kelele kwamba haimsikii. Kisha ikamwelekea Bi Ruthu, mke wa Mzee Sila, aliyesimama juu ya kichuguu. Hapo nilisahau Bunge, nikasahau Dubai. Nikavuta kijiti cha rimoti kwa nguvu zangu zote.

Ikamkosa. Ikapinda, ikashuka wima juu ya HILDA. Mianzi, mashuka, pangaboi mbili, vyote vipande.

Mayowe ya watu yaliwainua kweleakwelea wote kwa mpigo. Hadi tunaondoka jioni walikuwa hawajarudi. Mzee Sila akatupa ugali na mlenda. Bi Ruthu akasema: siku nyingine nilete watu tu, ndege zibaki mjini.

Jumapili, 11 Mei
Yotham kaja na jogoo, kuomba radhi. Anasema ndege yake iliingiwa na wazimu, hajui kwa nini, na imeharibu kazi yangu ya miezi. Macho mekundu. Hajalala.

Nilifungua mdomo kumweleza. Nikaufunga. Nikamwambia nimemsamehe, mambo hayo hutokea kwa marubani wachanga. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Hilda alinitazama kutoka jikoni, na sikupenda alivyonitazama.

Kasoro tumeigundua: shamba ni dogo mno. Tutaunda nyingine pamoja, mita nne, yenye maboya badala ya magurudumu, tukairushe juu ya bwawa la Mtera. Huko ni maji matupu, hakuna cha kugonga. Kila mtu atakuja na rimoti yake, tukipokezana. Ile habari ya namba sitamsumbua nayo kwa sasa.

Yotham kauliza kuhusu viboko wa humo bwawani. Nimemtoa wasiwasi: kiboko haruki.