Uzinduzi wa Kliniki ya Sukari na Fangasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru, waheshimiwa wajumbe wa Kamati, Kamati Ndogo, na Kamati ya Kufuatilia Kamati Ndogo, akina mama, na akina baba mliojibanza nyuma mkijifanya mambo haya hayawahusu: itifaki imezingatiwa! (Makofi, meza kuu pekee.)

Ndugu wananchi, Kliniki hii Jumuishi, iliyopitia mchakato shirikishi wa semina elekezi kumi na moja, imekwisha kuwaponya asilimia mia moja ya wagonjwa wake, kwa maana ya mgonjwa mmoja, huyu dada fundi cherehani. Simama, dada, usione haya. (Anasimama. Minong'ono.)

Dada huyu alipata fangasi za ukeni mara tano ndani ya mwaka mmoja, na kila alipokwenda zahanati alipewa dawa ya kupaka, akapata nafuu wiki mbili, muwasho ukarudi kama jirani mwenye mazoea. Mumewe akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, wifi yake akaficha hata beseni, naye fundi wa watu akawa anashona huku kiti hakikaliki! Ndipo nesi wetu, kwa maelekezo yangu madhubuti…

(Fundi: "Maelekezo yapi tena, Mheshimiwa? Nesi aliniuliza tu, 'Dada, kwenu kuna mwenye kisukari?' Nikamwambia, mama. Akatoa kipimo chake mkobani, akanitoboa kidole. Kisha akamwita mume wangu: 'Shemeji, mkeo hana mtu nje. Ana sukari inayopanda.'" Vigelegele.)

Ahsante kwa mchango huo, uliomo ukurasa wa arobaini wa mkakati wangu. Yaani sukari haijafika kisukari, ila imepiga hodi, na fangasi hustawi palipo na sukari. Leo dada ameacha soda, anakwenda kazini kwa miguu, miezi minne muwasho haujarudi, na mumewe…

(Sauti nyuma: "Nilishamwomba radhi!")

…ameomba radhi, mafanikio ambayo nayo tutayaingiza kwenye takwimu za wizara.

(Nesi, akisimama: "Mheshimiwa, vile vipimo vyangu vimekwisha. Wanawake wanane wako kwenye foleni tangu asubuhi, na wawili fangasi zao zimerudi mara ya nne. Nimwambie nani asubiri?")

Swali zuri sana, nesi, na litajibiwa kwa maandishi mara tu kamati husika itakapoundwa. Sukari chini! (Wachache: "Chini!") Fangasi nje! (Meza kuu pekee: "Nje!")

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati seremala aliyetuazima mlango huu mzuri na fremu yake ili nipate pa kukatia utepe. Mwenyewe anauhitaji kabla ya saa nane, una mteja. Kwa hiyo, akina mama mliopanga foleni mbele ya mlango, naombeni mtupishe tuubebe; na wewe uliyekwisha kupita, rudi huku, mama yangu, huko nyuma ni uwanja mtupu.