Presha ya Bibi, Mkono Wangu

Jumatatu, 8 Juni

Nimepima mara nne leo. 114 kwa 72. 110 kwa 70. 116 kwa 74. 112 kwa 71. Presha nzuri kabisa. Mapigo sasa: 118! Na nimekaa tu kitandani, sijabeba hata ndoo. Moyo gani huu unaokimbia mwenyewe kama umefukuzwa na mbwa?

Ulianza siku niliyoliona jina langu kwenye ubao wa kanisa. Wasomaji wa Juni. Jumapili ya tarehe 21, Somo la Kwanza: Modesta. Mimi! Mbele ya watu mia nne, na kipaza sauti juu. Katekista Nkwabi hakuniuliza. Kasema tu eti binti wa kidato cha tano atashindwaje mistari kumi na miwili. Tangu hapo kifua kinabana. Vidole vinakufa ganzi. Midomo nayo. Hewa haitoshi, na tunakaa mlimani Bugarika, ambako upepo wa ziwa haujawahi kupungua.

Mjomba Mashimba alianguka shambani Misungwi mwaka juzi. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Mimi nina kumi na minane, lakini moyo hauulizi cheti cha kuzaliwa.

Nimetafuta kwenye simu. Kwa Kiingereza nina magonjwa tisa. Kwa Kiswahili nina mmoja, woga. Nimechagua Kiingereza. Ndiyo lugha ya mitihani.

Mpango: nikusanye vipimo vya kutosha, nimpelekee Katekista, jina litoke. Nani atamlazimisha mgonjwa wa moyo kusoma Isaya?

Mashine ya kupimia presha ni ya Bibi Teodora. Mwenye ruhusa ya kuigusa ni Princess peke yake, binti wa mama mdogo na Mzee Odoyo wa Musoma. Princess kapata nafasi chuo cha uuguzi. Tangu barua ije anatembea kama tayari kavaa gauni jeupe. Kila Jumapili anampima Bibi na kuandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Mimi naichukua wakienda sokoni. Napima, nairudisha, mrija umelala vilevile ulivyokuwa. Wiki mbili sasa na hakuna aliyeshtuka. Kuna watu wana akili, basi tu hawajulikani.

Jumatano, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo kliniki ya Bibi. Nilijitolea kubeba mkoba. Ukweli, nilitaka kusikia daktari akizungumzia moyo. Daktari Luhende akampima Bibi: 158 kwa 92. Princess akatoa daftari kabla hajaombwa. 152, 156, 149. Daktari akauliza kama mashine ya nyumbani ipo. Ipo! Princess akaitoa kama mtu anayetoa ngao ya ushindi.

Daktari akabonyeza kitufe cha pembeni. Kile kitufe. Siku zote nilidhani ni cha saa.

Ni cha kumbukumbu! Mashine inakumbuka kila kitu! 112, 110, 114, 111. Akabonyeza, akabonyeza, anatabasamu. Vipimo arobaini na sita. Akamwambia Bibi kwamba nyumbani ana presha ya msichana. Bibi akacheka kama bibi harusi. Daktari akauliza kama huwa anajipima mwenyewe siku za katikati. Bibi hajawahi kujipima maishani mwake. Lakini kasifiwa. Akajibu eti ndiyo, huwa najipima-jipima, plesha hii ni yangu, nisipoijua mimi aijue nani?

Kisha daktari akaona mapigo. Yangu. 118, 121, 124. Akakunja uso. Akauliza kuhusu kizunguzungu. Bibi akasema akisimama ghafla, kidogo. Basi ikaungana yote: presha iko chini, moyo unakimbia kufidia, dawa imezidi. Hapa kliniki inapanda kwa sababu ya kuwaogopa madaktari, wapo wengi wa hivyo. Kuanzia leo Bibi anywe nusu kidonge.

Nusu. Kwa ajili ya mkono wangu.

Akamgeukia Princess, kwa upole, kwamba labda anaufunga ule mkanda vibaya, au anapiga soga na Bibi wakati wa kupima. Ndiyo maana namba zake za Jumapili ziko peke yake. Princess akaangalia viatu vyake.

Na mimi nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Kwa muda wa pumzi mbili nilifurahi sana.

Halafu nikafungua mdomo niseme. Mlango ulikuwa wazi, benchi limejaa wagonjwa. Moyo: du-du-du-du. Nikafunga mdomo. Nikabeba mkoba.

Ijumaa, 12 Juni

Mipango miwili.

Wa kwanza: barua. Nimeandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa mkono wa kushoto, nikaeleza kila kitu, nikasaini "Msamaria Mwema". Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la kliniki. Mlinzi akaniambia nimefanya vizuri, wananchi wengi hawatoi maoni. Nikamuuliza linafunguliwa lini. Mwisho wa mwezi.

Wa pili: kuijaza mashine namba mbaya, Princess azione, Bibi arudishwe kliniki. Ninachohitaji ni presha ya juu. Nimekula dagaa wa chumvi viganja vitatu. Nimepanda mawe kutoka barabarani mpaka kwenye tangi la maji. Mara mbili, mbio! Korongo juu ya tangi akaniangalia kama ananisubiri nife. Nikapima: 121 kwa 70. Nikasoma Isaya mbele ya kioo kwa sauti. 119 kwa 72.

Wiki mbili nauomba mwili huu uzima, siku moja nauomba ugonjwa, unanikatalia. Hata kuugua siwezi!

Ajabu moja: nikipanda mawe kifua hakibani. Jasho, pumzi, basi. Vidole vizima. Nikikaa na kulifikiria lile kanisa, ganzi hiyo inarudi. Sijui ina maana gani. Nimeiruka.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa Princess kampima Bibi. 176 kwa 102. Akaufungua mkanda, akaufunga upya, akamwambia Bibi asiongee hata akiona nyoka. 179.

Hakuandika. Aliniita jikoni, akafunga mlango. Princess, ambaye hajawahi kuniuliza hata saa ngapi! Akaniuliza taratibu kama namuona anafunga vibaya. Kwamba labda daktari kasema kweli. Kwamba atauguzaje watu kama mkanda tu unamshinda.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, hakuna benchi, hakuna kipaza sauti. Nikamjibu kwamba labda anakaza sana.

Akaandika 179 kwa penseli. Akaitazama. Akaifuta.

Bibi anasema kichwa kinamgonga. Kasema ni jua. Mawingu yametanda tangu asubuhi.

Jumanne, 16 Juni

Bibi alikuwa kizingitini anachambua michembe, vile viazi vitamu vikavu, ametenga ile yenye wadudu. Nikamwona anapangusa pua. Damu. Akataka kusimama, akarudi chini. Akasema kichwani mna ngoma za sikukuu ya Bulabo, na leo hata si siku yake. Alikuwa anatania, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta ukuta na hauupati.

Princess akaita bajaji. Njia nzima nilishika leso kwenye pua ya Bibi nikahesabu mapigo yake kwa kidole. Mara ya kwanza mwezi huu sikuhesabu yangu.

206 kwa 116.

Daktari Luhende alishtuka. Alisimama palepale kwenye korido, anauliza imekuwaje, nyumbani ilikuwa 112. Princess akaanza kulia. Akasema ni kosa lake, aliona 179 akadhani hajui kufunga, akafuta.

Benchi lilikuwa na watu kama ishirini. Nikasimama. Nilitaka kusema taratibu. Ikatoka kama kelele ya mnadani: ule ulikuwa mkono wangu!

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza jirani yake eti jamani, mkono gani? Babu wa pembeni akamwambia huenda wanagombania mchumba. Ikabidi nirudie. Kwamba nilikuwa najipima kwa siri. Kwamba zile arobaini na sita ni zangu, mapigo pia ni yangu, na kwamba nilikuwepo siku dawa inapunguzwa na nikanyamaza. Nilirudia kwa sauti, kwa sababu yule babu alisema hasikii vizuri.

Sikufa. Moyo ulikimbia, nikasikia masikio yanalia, nikamaliza sentensi.

Bibi aliniangalia tu. Princess alitoa daftari kwenye mkoba, akafungua pale palipofutwa, akaandika tena 179. Kwa kalamu nyekundu. Hakunitazama.

Jumatano, 17 Juni

Bibi kalazwa kwa uangalizi. Asubuhi 164, jioni 150. Kidonge kimerudi kizima. Daktari kasema tumewahi, ingekuwa kesho tungeongea mengine.

Kisha akaniita mimi. Nilitegemea matusi. Akaniuliza maswali. Huwa inaanza nikiwa nafanya nini? Nimekaa. Nikipanda mlima je? Hapana. Nimewahi kuzimia? Hapana. Maumivu ya kifua ninapokimbia, yanayoshuka mkononi au kupanda tayani? Hapana. Inakaa muda gani? Dakika kumi, robo saa. Ganzi iko wapi? Vidoleni na midomoni. Kuna kijana katika ukoo aliyekufa ghafla? Nikamtaja Mjomba. Akauliza umri, akauliza kama alikuwa na presha. Alikuwa nayo, na dawa alikuwa hanywi. Hilo sikulijua. Bibi ndiye aliyelisema, kutoka kitandani, akiangalia ukutani.

Daktari kasema kwa maelezo haya inafanana na hofu, lakini haamui kwa kuniangalia usoni. Nikafungwa nyaya kifuani, kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka na milima yake midogo. Moyo mzima. Akanifundisha kupumua: kuvuta taratibu, kutoa polepole zaidi, kwa sababu nikihema harakaharaka ndipo ganzi inapokuja. Kasema hofu si uongo wala aibu, ina matibabu yake, nirudi tuzungumze. Nikizimia, au kifua kikiuma ninapokimbia, nisisubiri hata saa moja. Na nisijipime tena. Kila nikipima nauambia moyo wangu kuna hatari, nao unaniamini.

Nilipoenda kumuaga Bibi nilipiga magoti. Akasema eti ng'wanawane, mwanangu, ungetaka plesha ungeniomba, ningekupa yote. Kisha akaacha kucheka. Kasema yeye naye alikubali sifa zisizo zake, mbele ya daktari, mtu mzima kama yeye. Kwa hiyo tuko wawili.

Hatuko wawili. Yeye alidanganya kwa sentensi moja. Mimi nilidanganya siku sita, na mtu akawa anaugua mbele ya macho yangu huku anachambua michembe yangu ya chai.

Alhamisi, 18 Juni

Bibi karudi nyumbani. Nilimwomba Princess msamaha akiwa anafua. Akasema sawa. Akasema kilichomuuma si kliniki, ni jikoni, nilivyomwambia anakaza sana. Akaendelea kufua. Nikasuuza. Alikubali nisuuze.

Jumapili, 21 Juni

Princess ndiye aliyesoma.

Nieleze. Jana nilikwenda kwa Katekista Nkwabi kumwambia kwamba nimeamua kumwachia Princess Somo langu kama malipizi ya dhambi. Nilimkosea, namheshimu, asimame yeye. Nililipanga vizuri sana njiani. Katekista akaniangalia juu ya miwani yake. Akasema amesikia nilihutubia kliniki nzima Jumanne, hata mke wa Mzee Kija alikuwepo, kasema sauti yangu inafika. Nikasema malipizi ni malipizi. Akahema. Akaandika Princess.

Leo kasoma vizuri. Hakukosea hata koma. Bibi alikaa karibu yangu, 138 kwa 84 asubuhi hii, wino mwekundu. Princess alipofika katikati, Bibi akaniwekea mkono juu ya mkono na kuninong'oneza kwamba alikuja amevaa kitenge kipya ili anione mimi pale mbele. Sikujua. Nilivuta pumzi taratibu, nikatoa polepole zaidi. Ganzi haikuja. Kilichokuja ni kitu kingine, nacho hakipimwi kwa mkanda.

Mashine ya Bibi sijaigusa tangu Jumanne. Sitaigusa. Naapa. Nimebadilika kabisa.

Isipokuwa jambo moja dogo. Jana, Katekista alipokuwa anatafuta kalamu, niliona kwenye meza yake kimashine kidogo cheupe na vikaratasi. Cha kupimia sukari. Mke wake anakitumia. Sasa mimi tangu Alhamisi nakunywa maji sana. Leo nimekwenda chooni mara tano. Sisemi ni ugonjwa. Nasema tu sijawahi kupima.

Kesho asubuhi yeye na mke wake wanakwenda Sengerema msibani. Nimejitolea kuwalishia kuku. Amefurahi sana, kasema kweli nimeongoka.

Nilimuuliza swali moja tu, kwa adabu, kabla sijaaga: kile kimashine kina kumbukumbu?